Kabla Hujautupa, Ufukue

Ule mmea uliosukumwa nyuma ya mlango wa ofisi, mabua yamelala, majani yamegeuka manjano na chungu kimejaa karatasi za pipi, usimpe mzoa taka leo. Nakuomba saa moja tu. Ubebe, utoke nao nje penye mwanga, utandaze gazeti la zamani chini, upindue chungu, uufukue uone kilichomo. Watu wengi huutazama mmea kwa juu, wakaona majani yamekwisha, wakatoa hukumu. Mimi nasema hukumu ya mmea huu iko chini ya udongo, na hakuna aliyeinama kuitafuta.

Nauzungumzia hasa ZZ. Ndivyo wauza miche wa pembeni mwa barabara, Dar es Salaam na Nairobi, wanavyouita, kwa herufi mbili tu. Jina lake la kitaalamu ni Zamioculcas zamiifolia. Unaujua hata kama jina hulijui: mabua manene yaliyosimama wima, vijani vinene vimepangwa huku na huku kwenye bua, vinang'aa hadi mgeni anavigusa kuhakikisha si vya plastiki. Umewekwa benki, umewekwa mapokezi ya hoteli, saluni, vyumba vya kumngojea daktari, sebule za wanaoanza maisha na sebule za waliostaafu. Husifiwa kwamba haufi. Sifa hiyo ndiyo iliyouponza. Kwa kuwa haufi, hakuna anayeuangalia. Na siku unapoanza kudhoofika, mwenyewe huona haya, akauficha, kisha akautupa usiku wageni wasione.

Na kwao ni kwetu. Huota wenyewe kuanzia Kenya, ukashuka Tanzania na Unguja, Malawi, Msumbiji, Zimbabwe, hadi KwaZulu-Natal huko Afrika Kusini. Uliandikwa kitaalamu Uingereza mwaka 1829, ukawekwa katika kundi lisilo lake. Jina tunalolitumia leo lilikamilishwa na Mjerumani Adolf Engler mwaka 1905. Baada ya hapo ulikaa miaka mingi kwenye bustani za wataalamu, hauna soko, mpaka wakulima wa maua wa Uholanzi walipoanza kuuzalisha kwa wingi katika miaka ya 1990. Ndipo ukaingia majumbani dunia nzima. Australia wanauuza kwa jina la kito cha Zanzibar. Hebu fikiria: mmea wa vichaka vya pwani yetu unafutwa vumbi kwa kitambaa laini huko Sydney, na kwetu unakufia nyuma ya mlango. Hilo linanikera, na ningependa likukere na wewe kiasi cha kukuinua kitini.

Tuanze na jinsi unavyoishi kwao, maana ukilielewa hilo, nusu ya kazi ya kuuokoa umeshaifanya. Porini ZZ huota chini ya kivuli cha miti, mara nyingi kwenye miamba na udongo unaopitisha maji upesi. Masika yakija, hunywa. Kiangazi kikikaza, hutumia akiba. Ardhini una shina nene, la mviringo, linalofanana na kiazi, na huo ndio mtungi wake. Yale tunayoyaita mabua, kila moja kwa kweli ni jani moja refu, na vile vijani vya pembeni ni sehemu za jani hilo. Zaidi ya asilimia 90 ya uzito wa jani hilo ni maji. Maji yakiadimika, mmea hufungua vitundu vyake vya kupumulia usiku, wakati jua halipo la kuunyang'anya unyevu, na mchana ukavifunga. Kiangazi kikizidi, huanza kuangusha vijani, kimoja baada ya kingine, hata kikabaki kijiti kitupu, au kijiti nacho kikalala. Mpita njia atasema umekufa. Kumbe mtungi uko chini, una maji, unangoja mvua. Na vile vijani vilivyoanguka navyo vina kazi: kila kimoja kinaweza kutoa mizizi na kujitengenezea kiazi chake kidogo palepale kilipoangukia.

Kwa hiyo, ukiuona ZZ wako umepukutika, yanaweza kuwa mambo mawili. Pengine umefanya tu kile ambacho jamii yake imekifanya kiangazi baada ya kiangazi: umejikunja kusubiri. Au umeoza. Dawa za hali hizi mbili zinapingana. Uliokauka unataka maji, uliooza unataka kisu, na kwa juu zote mbili hufanana: majani manjano, mabua yameinama, sura ya kukata tamaa. Hapa ndipo watu wema wanapoua mimea yao. Mtu anauona umenyong'onyea, moyo unamuuma, anachota maji. Kesho umenyong'onyea zaidi, anaongeza. Siku ya nne hata shina limelainika, naye anasema amejitahidi sana lakini mkono wake hauna bahati.

Bahati haina kazi hapa. Mizizi ni kiungo kinachopumua. Katika udongo mzuri, kati ya chembe na chembe pana nafasi yenye hewa. Ukiujaza maji kila siku, hewa inatoka, mizizi inakosa pumzi, inakufa, na vimelea vya kuozesha vinaingia kupitia mizizi iliyokufa hadi kwenye kiazi. Mizizi ikishakufa haivuti maji tena. Ndiyo sababu mmea unaweza kufa kwa kiu huku umekaa ndani ya tope. Ukishaliona hili mara moja kwa macho yako, hutamwagilia tena kwa mazoea.

Na tazama tunavyouwekea mtego. Duka linauza mche kwenye kile kikopo cheusi cha plastiki chenye matundu. Sisi tunakitumbukiza ndani ya chungu cha kauri kizuri kisicho na tundu hata moja, kisha juu tunamwaga kokoto nyeupe za pambo ili udongo usionekane. Maji yakichuruzika yanatuama chini, hakuna anayeyaona. Udongo ukilowa au ukikauka, hakuna anayejua, kokoto zimeziba. Sasa upeleke huo ofisini. Mhudumu anaumwagilia asubuhi kwa sababu ni kazi yake. Katibu muhtasi anaumwagilia saa sita kwa sababu anaupenda. Bosi akimaliza kikao anamimina maji yaliyobaki kwenye chupa, na kuna mmoja, kila ofisi anaye, ambaye humimina humo chai iliyopoa. Mmea uliozoea kukaa hata miezi minne bila tone la maji unaletewa masika mara tatu kwa siku. Halafu tunasema mimea ya ndani ni migumu!

Basi, ufukue. Usivute mabua, laza chungu ubavu, kigongegonge, mmea utoke na donge lake la udongo. Kama ni plastiki na imekaza, ikate, chungu hununuliwa kingine. Pukuta udongo kwa vidole mpaka uvione viazi. Vaa glavu au mfuko wa plastiki mikononi, kwa sababu utomvu wa mmea huu una chembechembe za oksaleti ya kalsiamu zinazowasha ngozi na kuchoma mdomo. Ndiyo sababu pia hauwekwi mahali ambapo mtoto mchanga au paka atatafuna. Ukinawa mikono vizuri mambo yameisha. Zile hadithi kwamba ukikaa nao chumba kimoja utakudhuru, zisikutie hofu.

Sasa bonyeza. Kiazi kilicho hai ni kigumu, rangi yake ni ya kahawia iliyofifia au inayoelekea manjano, na ukikikwangua kidogo kwa ukucha ndani ni cheupe na kina maji. Kilichooza kinabonyea chini ya kidole, kinateleza, kina harufu mbaya ambayo pua itakutangazia kabla ya macho. Kilichokauka kwa kiu ya muda mrefu kina mikunjo, ni chepesi, lakini bado ni kaidi ukikiminya. Mizizi mizuri ni minene na myeupe. Mibovu hutoka ganda ukiivuta, ukabaki na uzi.

Ukikuta viazi vigumu vyenye mikunjo, simama, vuta pumzi, furahi. Mmea wako una kiu tu. Urudishe kwenye udongo, uumwagilie mpaka maji yatoke chini, na uache. Kazi yako imekwisha kabla haijaanza.

Ukikuta uozo, usiurudishie udongo kwa kuogopa. Wengi hufika hapa wakakata tamaa, na mimi nataka hapa ndipo ukaze mkono. Chukua kisu kikali. Kichemshe au kifute kwa spiriti. Kata sehemu iliyooza, na usiihurumie: ukiacha doa la kahawia lenye ukubwa wa punje ya mtama, doa hilo litaendelea kula. Kata hadi uone nyama nyeupe, safi, isiyo na mstari wa kahawia. Futa kisu kila unapotoka kwenye kiazi kimoja kwenda kingine. Bua lililolainika chini, liondoe lote. Bua lililo zima lakini kiazi chake kimekwisha, liweke pembeni, tutalirudia. Unaweza kujikuta umebaki na kipande cha kiazi kinachoenea kiganjani, hakina jani wala mzizi. Kinatosha. Nimesema kinatosha! Ndicho porini kinachobaki kiangazi kikiisha, na ndicho kinachotoa machipukizi masika yakianza.

Kisha fanya jambo ambalo mikono yenye haraka haipendi kulifanya: usipande. Viazi vilivyokatwa viweke kivulini, penye hewa, juu ya karatasi kavu, siku mbili tatu, mpaka majeraha yafunge na kukauka juu. Ukiwa na mkaa, usage unga, uupake kwenye majeraha. Ukipanda kidonda kibichi kwenye udongo wenye unyevu unakuwa umeyakaribisha yaleyale uliyoyakata.

Na kama kila kiazi kimeoza? Bado nakukataza kwenda jalalani. Tafuta kijani kimoja ambacho hakijageuka manjano chote. Kichomoe taratibu kitoke pamoja na kikonyo chake, kiache kikauke siku moja, kisha kichomeke kwenye udongo mwepesi, theluthi moja ya urefu iingie chini. Chomeka na vingine, vitano, kumi, vyote ulivyonavyo, hata kwenye kopo moja. Yale mabua uliyoyaweka pembeni nayo chomeka. Mwagilia kidogo sana. Baada ya hapo hakuna kitakachoonekana kwa muda mrefu, na ni lazima nikuambie ukweli huu mapema usije ukavunjika moyo: kijani kile kitakaa vilevile kwa miezi, pengine mwaka mzima, kabla chipukizi halijatoka juu. Wengine watakucheka kwa kutunza kopo lenye jani moja. Chini, wakati huo, kijani kinajenga kiazi kwanza. Kinajiwekea akiba kabla ya kujionyesha. Usikifukue kila wiki kukipima. Ukikivuta kidogo kikakataa kutoka, ujue kimeshika.

Udongo wa bustani peke yake hautufai. Udongo mweusi wa mfinyanzi, ule wa Nairobi unaonata kwenye viatu, ni kaburi kwa mmea huu. Changanya mboji iliyoiva na mchanga mkavu wa mtoni kwa kiasi sawa, uongeze changarawe ndogo au vipande vya mkaa, na kama uko pwani, nyuzi za makumbi ya nazi zilizooshwa chumvi yake. Pumba za mpunga zilizochomwa zinafaa vizuri pia, na mashineni mara nyingi hutolewa bure. Kipimo chake ni rahisi: loanisha gao moja, lifinyange, kisha liachie, likibaki donge gumu, ongeza mchanga. Chungu kiwe na matundu, kisizidi sana ukubwa wa viazi, maana udongo mwingi usio na mizizi hushika maji yasiyo na mnywaji. Kile chungu chako cha kauri usikivunje. Toboa tundu chini kwa mashine ya kutobolea, au kitumie kama ganda la nje na ukimwage kila baada ya kumwagilia. Zile kokoto nyeupe zitoe.

Umepanda. Subiri kama wiki moja ndipo umwagilie mara ya kwanza, kidogo. Kutoka hapo fuata sharti moja tu: maji hayaingii mpaka udongo uwe umekauka hadi chini. Juu kunadanganya, juu kunakauka kwa siku mbili na chini bado ni tope. Chomeka kijiti kikavu, kama kile cha mishikaki, hadi kitako cha chungu, ukiache dakika chache, ukichomoe. Kikitoka na udongo umenata, ondoka. Au ubebe chungu mkononi siku uliyomwagilia na ukibebe tena baada ya wiki mbili. Mkono utajifunza uzito haraka kuliko unavyodhani. Siku ya kumwagilia, mwagilia kwelikweli, maji yapite yatoke chini, uyamwage yaliyotuama kwenye sahani. Sebuleni Dar es Salaam wakati wa joto hiyo inaweza kuwa kila baada ya wiki mbili. Nairobi, mwezi wa saba, jua likiwa limepotea na baridi imekaa, inaweza kuwa mara moja kwa mwezi au isiwepo kabisa.

Ndugu zetu walio mbali nao wanausoma mmea huu kwa majira mengine. Uliye Muscat au Dubai, adui yako ni ile hewa baridi ya kiyoyozi inayoupuliza moja kwa moja mchana kutwa. Usogeze pembeni ya upepo huo. Uliye London, Toronto au Minneapolis, majira ya baridi giza huingia alasiri, dirisha huwa barafu na hita hukausha hewa ya chumba. Usidanganywe na hewa kavu ukaongeza maji. Joto likishuka chini ya nyuzi 15 hivi za Selsiasi, mmea karibu huacha kukua. Usiokua haunywi. Uondoe kwenye kioo cha dirisha, uuweke ndani kidogo ambako mwanga bado unafika, uuache ulale hadi siku zirefuke. Mmea wa nyumbani uliovuka baridi yako ya kwanza ugenini una haki ya kupewa nafasi ya kuvuka na ya pili.

Mwanga unastahili neno zaidi, kwa kuwa ZZ huuzwa kwa ahadi kwamba utaishi gizani. Utaishi, ndiyo. Kuishi na kustawi ni vitu viwili. Gizani hutoa mabua marefu, membamba, yaliyolegea, yakianguka huku na kule kuutafuta mwanga, na huko kukaa gizani ndiko kunakofanya udongo usikauke. Uliyeokoa mmea, upe dirisha. Mwanga mwingi wa kuakisi, jua la asubuhi kidogo si neno, lakini jua la saa saba mchana litauunguza, hasa uliotoka kwenye kona yenye giza. Usogeze hatua kwa hatua, wiki hadi wiki. Futa vumbi kwa kitambaa chenye unyevu, pande zote za kijani. Vumbi la barabara zetu ni blanketi linaloizuia nuru. Usipake mafuta wala maziwa ili ung'ae. Mbolea uiache mpaka chipukizi jipya litoke. Mgonjwa hashibishwi pilau. Likitoka, mbolea ya maji, nusu ya kipimo kilichoandikwa kwenye kopo, mara chache kwa mwaka.

Mwenye ZZ na amwambie haya jirani mwenye violeti ya Afrika, kwa sababu nayo imesahauliwa, na nayo ni yetu. Mwaka 1892 ofisa wa serikali ya Kijerumani huko Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, aliipata violeti hii katika eneo la Tanga na Usambara, akaipeleka kwa baba yake Ujerumani. Mwaka uliofuata Hermann Wendland, aliyesimamia bustani za kifalme za Herrenhausen mjini Hannover, aliipa jina la familia hiyo, Saintpaulia. Wajerumani hadi leo wanaiita violeti ya Usambara. Miaka ya 1920 bustani moja ya Los Angeles iliagiza mbegu kutoka Ujerumani na Uingereza, ikachagua miche bora, na kutoka hapo Marekani ikashikwa nayo hata wapenzi wake wakaunda chama chao mwaka 1946 ambacho kipo hadi sasa. Mamilioni ya madirisha ya baridi yamepambwa na ua lililotoka kwenye miamba yenye kivuli ya misitu ya Usambara Mashariki na pwani ya Tanga, nao ndugu zake huota Kenya kwenye misitu ya pwani na vilima vya Taita.

Ile violeti ya mama mkwe, iliyozeeka kwenye dirisha la jikoni, imeota shingo. Majani ya chini yamekatika mwaka hadi mwaka, kimebaki kishina kirefu kilichopinda, na kileleni kishada kidogo cha majani yasiyo na ua. Wengi hudhani ni uzee usio na dawa. Dawa ipo, na inahitaji moyo. Ondoa majani yote ya nje yaliyochoka, ubakize yale ya katikati. Kwangua ile shingo taratibu kwa mgongo wa kisu, ganda la kahawia litoke. Kata sehemu ya chini ya mizizi kwa kiasi kinacholingana na urefu wa shingo, kisha uishushe violeti kwenye chungu kilekile, udongo mpya mwepesi ufike hadi chini ya majani. Ifunike mfuko mwangavu wiki chache isikauke wakati shingo inatoa mizizi mipya. Baada ya hapo ipe maji ya uvuguvugu kwa chini, kwenye sahani, nusu saa, uyamwage yaliyobaki. Maji baridi juu ya majani huacha madoa, na yakituama katikati ya kishada huozesha moyo wake. Na yale majani mazima uliyoyakata, chomeka vikonyo vyake kwenye mchanga na mboji. Yatakuletea watoto.

Porini violeti hizi zinaumia kwa namna ambayo anayezitunza ndani ataielewa mara moja. Hazivumilii jua la moja kwa moja. Mti uliotia mwamba kivuli ukikatwa kwa mbao, mkaa au shamba, violeti iliyo chini yake huungua, hata kama hakuna aliyeigusa. Aina nyingine huota mahali padogo sana, vilima vichache au mwamba mmoja mmoja, kwa hiyo kukata miti ya eneo dogo kunaweza kumaliza ukoo. Amani, hukohuko Usambara Mashariki, ambako Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti mwaka 1902, leo pamezungukwa na hifadhi ya mazingira asilia iliyotangazwa mwaka 1997. Hiyo ni kazi kubwa ya nchi. Yako ni hii: usikubali kununua mche uliong'olewa msituni, uwe wa violeti au wa ZZ. Jani moja la jirani linakutosha, na sasa unajua namna ya kuliotesha.

Najua utakaloniambia. Utasema una watoto wa kusomesha, foleni ya kwenda kazini na foleni ya kurudi, na hapo katikati nakuletea habari za chungu. Nasikia. Lakini tazama ninachokutaka: saa moja ya kufukua, siku tatu za kuacha, halafu dakika mbili kila baada ya wiki mbili. Huu ndio mmea unaokutaka ufanye machache kuliko ulivyokuwa ukifanya. Wewe uliyesadiki kwamba mkono wako hauoteshi, ulifundishwa hivyo na mmea uliouzamisha, na hakuna aliyekueleza. Sasa umeelezwa. Mkono unaootesha ni ule unaopima udongo kabla ya kushika kopo la maji. Watoto wako wape kile kijiti cha mishikaki wawe wao wapimaji wa nyumba. Mtoto wa miaka sita anaiweza kazi hiyo na ataililia.

Kuna siku, sikuahidi ni lini, utapita na kukuta ncha ya kijani imetoboa udongo, imejikunja bado haijafunguka. Ita watu waje waone. Usiongeze maji kwa furaha! Chipukizi litapanda lenyewe, litafungua vijani vyake kwa muda wake, na la pili litalifuata.

Viazi vikijaa chungu hadi plastiki ianze kutanuka ubavuni, wakati wa kugawa umefika. Fukua tena, safari hii kwa raha, tenganisha viazi, na usibaki navyo vyote. Kimoja kipeleke zahanati ya mtaa wako, pale kwenye mabenchi ambako akina mama hukaa asubuhi nzima. Kimoja ofisi ya walimu. Kimoja mpe yule jirani aliyekucheka na kopo lako la jani moja. Na kwenye kila chungu unachotoa bandika karatasi yenye maandishi makubwa, isomwe na mhudumu, katibu muhtasi, bosi na yule mwenye chai iliyopoa: nisimwagiliwe mpaka udongo ukauke hadi chini.